Barabara Moja, Majina Matatu: Ijue A8 Kutoka Nyayo Hadi Uthiru

Mvua ikinyesha usiku kucha na mtaro wa kando ya Waiyaki Way ukafurika, mwenye duka wa Kangemi hupiga simu kwa mtu anayemjua: chifu, mwakilishi wa wadi, au ofisi ya kaunti ndogo. Mara nyingine jibu analopata ni kwamba mtaro huo si wa kaunti. Akienda kwingine, anaambiwa kwamba bomba linalomwaga maji mtaani si la barabara kuu. Siku zinapita, maji yanabaki palepale.

Tatizo hili halitokani na uvivu wa mtu mmoja. Linatokana na jinsi barabara yenyewe ilivyo. Barabara inayotoka uwanja wa Nyayo, ikapita kando ya katikati ya jiji, ikapanda Westlands na kupita Kangemi hadi Uthiru ni barabara moja, lakini ina majina matatu na inagusa mamlaka zaidi ya moja. Anayeelewa njia yake, makutano yake na nani anasimamia kila sehemu huokoa muda wake, na wakati mwingine huokoa maisha yake.

Makala haya yanaeleza mambo hayo matatu kwa utaratibu.

BARABARA YENYEWE NI IPI?

Kwa jina la serikali, barabara hii ni A8. Ni barabara kuu ya kitaifa inayoanzia Mombasa, ikapita Nairobi, Nakuru na Eldoret hadi mpakani Malaba. Wengi wanaikumbuka kwa nambari yake ya zamani, A104, ambayo bado imo katika baadhi ya ramani. Nambari ya A8 ilikuja na uainishaji mpya wa barabara wa mwaka 2016.

Hii ndiyo sababu unaona matrela ya mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo yakiwa msafara mmoja na matatu za Kangemi. A8 ni uti wa mgongo wa kile kinachoitwa Ukanda wa Kaskazini, njia inayounganisha bandari ya Mombasa na nchi zisizo na bahari. Kwa mkazi wa Westlands ni njia ya kwenda kazini. Kwa dereva wa Kampala ni njia ya kwenda baharini. Wote wanatumia lami ileile.

Ndani ya Nairobi, barabara hii hubadilisha jina kadiri inavyosonga. Kutoka uwanja wa ndege hadi Nyayo ni Mombasa Road. Kutoka Nyayo hadi Museum Hill ni Uhuru Highway. Kutoka Museum Hill hadi Westlands ni Chiromo Road. Kuanzia Westlands kwenda mbele ni Waiyaki Way. Hakuna mahali unapopinda kona ili kuingia barabara nyingine. Unanyoosha tu, jina ndilo linalobadilika.

Majina hayo yana historia. Kabla ya Uhuru, Uhuru Highway ilibeba jina la Princess Elizabeth, binti ya mfalme wa Uingereza ambaye baadaye alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Waiyaki Way imepewa jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa upande wa Dagoretti na Kabete. Alikamatwa katika ngome ya Waingereza ya Fort Smith mwaka 1892, akasafirishwa kuelekea pwani na kufia njiani huko Kibwezi. Barabara yenye jina lake inapita katika nchi hiyohiyo aliyoipigania.

KUTOKA NYAYO HADI MUSEUM HILL

Tuanze safari Nyayo, tukielekea magharibi. Makutano ya Nyayo ndipo Lang'ata Road inapoungana na barabara kuu kutoka kushoto, na Lusaka Road kutoka upande wa Industrial Area. Ukitoka hapo uko kwenye Uhuru Highway.

Makutano yanayofuata ni ya Bunyala Road. Anayekwenda Upper Hill kutoka upande wa Industrial Area hupitia hapa bila kuingia katikati ya jiji.

Mbele yake ni mzunguko wa Haile Selassie. Kulia, Haile Selassie Avenue inakupeleka stesheni ya reli, soko la Wakulima na Muthurwa. Kushoto, inapanda kuelekea Community na kuwa Ngong Road. Kituo cha matatu cha Green Park kiko hapa.

Kisha unafika mzunguko wa Kenyatta Avenue, kati ya Uhuru Park na Central Park kwa upande mmoja na katikati ya jiji kwa upande mwingine. Anayepinda kushoto anapanda Valley Road kuelekea Hurlingham na Ngong Road. Anayepinda kulia anaingia jijini moja kwa moja.

Mzunguko wa University Way ndio wa mwisho katika safu hii. Hapa ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kilipo. University Way inaelekea Moi Avenue na Globe, nayo State House Road inapanda upande wa pili.

Mizunguko hii mitatu, Haile Selassie, Kenyatta Avenue na University Way, imefuatana kwa karibu. Ndiyo maana mmoja ukikwama, yote hukwama. Magari yanayosubiri kuingia mzunguko wa mbele hurudi nyuma hadi kuziba ule wa nyuma, na anayetaka kuvuka tu kutoka Upper Hill kwenda mjini anajikuta amenaswa katika foleni ya watu wa Westlands. Dereva anayeingia mzunguko wakati anaona wazi kwamba hana nafasi ya kutokea ndiye anayefunga njia ya wenzake. Sheria na ustaarabu vinasema kitu kimoja hapa: usiingie makutano usiyoweza kutoka.

KUTOKA MUSEUM HILL HADI WESTLANDS

Museum Hill ni makutano ya ghorofa, yaliyojengwa pamoja na upanuzi wa Thika Road uliokamilika mwaka 2012. Hapa magari ya Thika Road hukutana na ya Uhuru Highway kupitia Prof Wangari Maathai Road, ambayo wengi bado wanaiita Forest Road. Makavazi ya Kitaifa yako juu ya kilima hicho.

Ukipita Museum Hill uko Chiromo Road. Ni kipande kifupi, lakini kina shughuli nyingi: bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi liko hapa, na Riverside Drive inaungana nayo. Wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi na abiria wa matatu hushuka na kuvuka hapa kutwa.

Westlands ni lango la mitaa ya magharibi. Ring Road Parklands inatoka upande wa Sarit na Parklands, nayo Rhapta Road inaingia mitaa ya upande wa kusini. Anayetaka Lavington, Kileleshwa, Parklands au Spring Valley huamua hapa apite wapi. Kosa la kawaida ni kukaa katika safu ya magari yanayokwenda Kangemi huku ukitaka kuingia Westlands yenyewe, kisha ukajaribu kukata njia dakika ya mwisho. Soma mabao mapema na uchague safu yako kabla ya kufika.

KUTOKA WESTLANDS HADI UTHIRU

Kutoka Westlands, Waiyaki Way inapita Church Road na kufika makutano ya James Gichuru Road, karibu na ABC Place. James Gichuru alikuwa rais wa kwanza wa chama cha KANU mwaka 1960, wakati Mzee Jomo Kenyatta alikuwa kizuizini, na baadaye waziri wa kwanza wa fedha wa Kenya huru. Barabara yake inakupeleka Lavington.

Makutano haya ni muhimu kwa sababu mbili. Kwanza, ndipo Nairobi Expressway inapoishia na magari yake kushuka kwenye Waiyaki Way. Pili, ndipo mradi wa upanuzi wa barabara hadi Rironi, wenye urefu wa takriban kilomita 25, unapoanzia. Upanuzi huo ndio ulioleta barabara za huduma za kando, daraja la juu la Kangemi na madaraja ya waendao kwa miguu unayoyaona leo.

Kangemi ndipo barabara kuu inapopita katikati ya mtaa wenye watu wengi kuliko mahali pengine pote katika kipande hiki. Soko liko hapa, shule ziko pande zote mbili, na maelfu huvuka kila siku kwenda kibaruani Westlands, Loresho na Mountain View. Magari yanayosafiri mbali hupita juu ya daraja. Matatu, bodaboda na magari ya mtaani hutumia barabara za chini.

Baada ya Kangemi ni Mountain View na Kabete, kisha Uthiru. Naivasha Road, inayotoka Dagoretti Corner kupitia Kawangware, inafika huku Uthiru. Hiyo ndiyo njia ya mkazi wa Kawangware anayetaka kwenda Kikuyu au Limuru bila kuzunguka mjini.

Mbele ya Uthiru barabara inaingia Kaunti ya Kiambu, ikapita Kinoo, Muthiga na Gitaru. Upande huo wa Gitaru na Kikuyu ndiko Southern Bypass, inayotoka Mombasa Road kupitia Lang'ata na ukingo wa msitu wa Ngong, inakoungana na A8. Ndiko pia Western Bypass inakoanzia kuelekea Ruaka. Dereva wa lori au basi la masafa marefu asiye na shughuli jijini hana sababu ya kupita mizunguko ya Uhuru Highway. Vivyo hivyo mkazi wa Karen au Lang'ata anayekwenda Nakuru.

BARABARA ILIYO JUU

Tangu mwaka 2022 kuna barabara ya pili juu ya hii ya kwanza. Nairobi Expressway ina urefu wa kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi James Gichuru. Ilifunguliwa kwa majaribio Mei 14, 2022 na kuzinduliwa rasmi Julai mwaka huohuo. Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa ubia na serikali ya kitaifa, na kampuni ya Moja Expressway ndiyo inayoiendesha na kukusanya ada.

Katika kipande tunachokizungumzia, ina milango Haile Selassie, Museum Hill na Westlands kabla ya kuishia James Gichuru. Usichukulie kwamba kila lango linakuruhusu kuingia na kutoka kwa pande zote mbili. Soma bao kabla ya kupanda. Ada hulipwa kulingana na umbali. Pikipiki, tuktuk, baiskeli na waendao kwa miguu hawaruhusiwi.

Barabara ya chini ni ya kila mtu na haina ada. Hilo ni jambo ambalo mkazi anapaswa kulijua na kulidai: kuwepo kwa barabara ya kulipia hakuondoi wajibu wa kuitunza ile ya bure.

NANI ANASIMAMIA NINI?

Sasa tufike kwenye swali la mwenye duka wa Kangemi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi kati ya serikali mbili. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabara ni kazi za kaunti.

Sheria ya Barabara za Kenya ya mwaka 2007 iliunda mashirika ya kutekeleza kazi hizo kwa upande wa serikali ya kitaifa. Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA, inasimamia barabara kuu kama A8. Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, inashughulikia barabara za mijini zilizo chini ya serikali ya kitaifa. Ndiyo, kwa mfano, iliyosimamia upanuzi wa Ngong Road.

Kwa maneno mepesi: lami ya Uhuru Highway, Chiromo Road na Waiyaki Way, mitaro yake, madaraja yake na ardhi ya hifadhi kando yake ni ya KeNHA. Sehemu ya juu, ukiwa na hitilafu au ajali, inashughulikiwa na mwendeshaji wa Expressway. Barabara nyingi za ndani ya mitaa, zile za kuingilia Kangemi, Westlands, Mountain View na Uthiru kutoka barabara kuu, ni za kaunti.

Wakazi wengine walichanganyikiwa zaidi kati ya mwaka 2020 na 2022. Februari 2020, baadhi ya kazi za kaunti, zikiwemo usafiri na ujenzi wa umma, zilihamishiwa serikali ya kitaifa na kutekelezwa na Nairobi Metropolitan Services. Muda wa chombo hicho uliisha mwaka 2022 na kazi hizo zikarudi kaunti. Kama ulizoea kupeleka malalamiko huko, njia hiyo haipo tena.

MIFANO MITATU YA KILA SIKU

Maji. Mtaro ulio sambamba na Waiyaki Way ni wa KeNHA. Lakini maji yake hayaishii hapo. Hutiririka hadi kwenye mitaro ya mtaa, ambayo ni ya kaunti, na hatimaye mtoni. Mtaro wa mtaa ukiwa umejaa taka, maji ya barabara kuu hurudi nyuma. Mtaro wa barabara kuu ukivunjika, mtaa hufurika hata kama mitaro yake ni misafi. Kwa hiyo unaporipoti, eleza maji yanatoka wapi na yanakwama wapi. Na tusidanganyane: karatasi za plastiki na maganda ya mahindi tunayotupa mtaroni hayaulizi mtaro ni wa nani.

Kibanda. Leseni ya biashara ya kaunti inakuruhusu kufanya biashara. Haikupi haki ya kujenga katika hifadhi ya barabara kuu. Ardhi hiyo ni ya KeNHA, na hakuna anayeruhusiwa kujenga humo bila idhini yake ya maandishi. Mtu akikuuzia "nafasi" kando ya barabara kuu, ujue anauza asichokuwa nacho. Siku kibanda kinapobomolewa, yeye hatakuwepo kukurudishia pesa. Uliza kwanza kama mahali hapo ni hifadhi, na uulize kuhusu nafasi katika masoko ya kaunti.

Kukata barabara. Ukitaka kupitisha bomba la maji au la majitaka chini ya barabara ya mtaa, unahitaji kibali cha kaunti. Likipita chini ya barabara kuu, kibali ni cha KeNHA. Fundi anayechimba usiku bila kibali huacha shimo ambalo majirani wataishi nalo.

KUVUKA SALAMA

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaofariki katika barabara zetu. Barabara pana yenye magari ya kasi inayopita katikati ya mtaa ni hatari kubwa kwao.

Tunajua kwa nini watu huruka vizuizi. Daraja liko mbali, ngazi ni ndefu, mama amebeba mtoto na mzigo, na matatu imemshusha mahali pasipo kituo. Hizo ni sababu halisi, lakini gari linalotoka Westlands kwa kasi halizijui. Vuka kwenye daraja au kwenye njia ya chini. Mfundishe mtoto njia hiyo mwenyewe kabla hujamwachia aende shule peke yake. Jioni na alfajiri, vaa nguo inayoonekana.

Dereva naye ana wajibu. Sheria ya Trafiki inaweka kasi ya juu ya kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, isipokuwa pale bao linaposema vingine. Utingo wa matatu anayeshusha abiria nje ya kituo humwacha katikati ya hatari. Mwendesha bodaboda anayepita kwenye daraja la waendao kwa miguu anawafukuza watu kutoka mahali pekee walipo salama.

Pale daraja lilipo giza, ngazi zimevunjika, au hakuna kivukio kabisa na watu wanavuka kila siku, usinyamaze. Ripoti.

JINSI YA KURIPOTI IKAFANYIWA KAZI

Ripoti inayosema "barabara yetu ni mbaya" haina pa kuanzia. Andika mambo haya:

Kwanza, jina la barabara na upande: ni upande wa kuelekea mjini au wa kuelekea Kikuyu?

Pili, alama iliyo karibu: jengo, kituo cha matatu, daraja, shule, au nambari iliyo kwenye mlingoti wa taa.

Tatu, tatizo lenyewe kwa maneno machache: shimo, mtaro uliovunjika, taa iliyozima, kizuizi kilichong'olewa.

Nne, lilianza lini, na kama kuna mtu ameumia.

Tano, picha moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha mahali.

Kama tatizo liko kwenye barabara kuu, peleka kwa KeNHA. Kama liko kwenye barabara ya mtaa au taa za mtaani, peleka ofisi ya wadi yako au ya kaunti ndogo. Kama huna uhakika, au kama linagusa pande zote mbili kama mfano wa maji, leta kwa ofisi ya wadi na utume nakala kwa KeNHA. Eleza katika barua kwamba umepeleka kwa wote wawili, ili kila upande ujue kuwa mwenzake amearifiwa. Omba nambari ya kumbukumbu au nakala yenye muhuri, na uitunze. Ukirudi baada ya wiki mbili ukiwa na nakala hiyo, hutaanza upya.

Ajali au hatari ya papo hapo haisubiri barua: piga 999 au 112.

Barua ya wakazi kumi wa mtaa mmoja ina uzito kuliko simu kumi za watu wasiojuana. Vyama vya wakazi, viongozi wa soko na vyama vya matatu mnaweza kutembea kipande chenu cha barabara kwa asubuhi moja, mkaorodhesha kila shimo, taa na mtaro, na kuleta orodha hiyo pamoja. Mnapofika kwenye vikao vya kaunti vya ushirikishi wa umma kuhusu bajeti, iwe mkononi. Shilingi za barabara hupangwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai; tatizo lisilokuwa kwenye orodha wakati huo husubiri mwaka mwingine.